Gari Likichemsha: Jinsi ya Kufuatilia Njia ya Maji Kabla ya Kuyaongeza

Takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta yanayoungua ndani ya injini hugeuka kuwa joto ambalo ni lazima lichukuliwe na maji, na kazi hiyo ikisimama kwa dakika chache tu, silinda hedi ya aluminiamu, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda za injini, huweza kupinda. Katika kazi yangu ya ufundi hapa Dar es Salaam nimepokea magari mengi ambayo wenyewe walikuwa wakiyaongezea maji kila asubuhi kwa miezi kadhaa, bila kujiuliza maji ya jana yalikwenda wapi. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji yakipungua kila siku, ipo sehemu yanakopotelea, na sehemu hiyo inaweza kupatikana.

Kwanza ielewe njia yenyewe. Pampu husukuma maji yazizunguke silinda na kupanda hadi kwenye silinda hedi. Injini ikiwa baridi, themostati, yaani vali inayofunguka kwa joto, huwa imefunga, hivyo maji huzunguka ndani ya injini pekee ili ipate joto upesi. Yakifikia nyuzijoto 82 hivi, au 88 katika baadhi ya magari, nta iliyomo ndani ya themostati huyeyuka, hutanuka na kusukuma vali, na hapo ndipo maji ya moto yanapoanza kupita kwenye rejeta na kurejea yakiwa yamepoa. Mfuniko wa rejeta nao hushikilia shinikizo: ule ulioandikwa 1.1 (shinikizo la bar 1.1) huyawezesha maji kufika karibu nyuzijoto 120 bila kuchemka. Kwa hiyo mfuniko ambao mpira wake umepasuka unaweza kulichemsha gari ambalo kila kitu kingine ni kizima, hasa likipanda Kitonga kuelekea Iringa, mji ambao kutokana na mwinuko wake maji ya wazi huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi.

Hatua ya 1: Kagua asubuhi, kabla ya kuwasha injini

Fungua mfuniko wa rejeta uone kama maji yamefika mdomoni. Yakiwa na rangi ya kutu, fahamu kwamba mfumo umekuwa ukijazwa maji ya bomba au ya kisima, ambayo chumvi zake hujenga ukoko ndani ya mirija ya rejeta. Minya mipira ya maji ya juu na ya chini ya rejeta, kisha tazama chini ya pampu, kwenye tundu dogo lililoachwa kwa makusudi ili sili ikichoka maji yaonekane hapo. Tundu hilo likidondosha maji, badilisha pampu. Usilizibe kwa gundi, kwa kuwa maji yataingia kwenye beringi. Zulia la ndani likiwa limelowa upande wa abiria, shuku rejeta ndogo ya hita.

Hatua ya 2: Jiulize gari linachemsha wakati gani

Likichemsha kwenye foleni lakini likapoa linapokimbia, anza na feni: washa kiyoyozi, na katika magari mengi ya Kijapani yenye feni ya umeme, feni inapaswa kuzunguka papo hapo. Likichemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani, shuku rejeta iliyoziba, pampu iliyolika mapanga au themostati iliyokwama.

Hatua ya 3: Ipime themostati, usiitupe

Hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa sababu madhara yake nimeyaona mara nyingi. Ipo desturi ya kung'oa themostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini isiyo na themostati hukaa baridi kupita kiasi, kompyuta ya gari huongeza mafuta ikidhani ndiyo kwanza limewashwa, na oili huchelewa kufikia joto lake. Aidha, katika injini ambazo themostati ina kisahani cha pili cha kuziba njia ya mkato, ukiitoa njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mteja mmoja alirudiwa na tatizo lile lile alilodhani limetibiwa kwa kung'oa themostati: gari lilikuwa halichemshi mjini, lakini likachemsha kila liliposafiri na mzigo.

Kuipima ni rahisi. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, ukiining'iniza kwa uzi ili isiguse chini, na upashe maji ukiwa na kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Isipofanya hivyo, nunua mpya yenye namba ile ile.

Hatua ya 4: Tafuta dalili za gasketi iliyoungua

Injini ikiwa bado baridi, iwashe mfuniko ukiwa wazi. Mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta, moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, vyote vinaashiria kwamba gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo bapa kilicho kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua. Kabla ya kufunga gasketi mpya, hedi ipimwe unyoofu wake.

Likichemka barabarani, simama, zima injini, na usiguse mfuniko kwa angalau nusu saa. Usimwagie injini maji baridi. Fahamu pia kwamba maji yakiisha kabisa, mshale wa geji unaweza kushuka, kwa kuwa kihisi hakiguswi tena na maji. Mshale ulioshuka ghafla ni sababu ya kusimama.

Hatua ya 5: Jaza na utoe hewa

Tumia kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini) iliyopendekezwa na mtengenezaji, na kama inahitaji kuchanganywa, tumia maji yasiyo na madini. Rangi pekee haithibitishi kwamba kulanti mbili zinapatana. Fungua hita hadi mwisho, jaza polepole, washa injini mfuniko ukiwa wazi, na uminye mpira wa juu mara kwa mara hadi themostati ifunguke na mapovu yaishe. Funga, endesha kidogo, uache injini ilale. Asubuhi, ongeza kwenye tangi la akiba hadi kati ya alama mbili na uweke alama yako kwa kalamu. Baada ya wiki, kimo kikiwa kimeshuka chini ya alama hiyo, rudi hatua ya 1.