Somo: Antivairasi inakataa programu huria uliyopakua, ufanyeje?

Wadau, programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Wengi wakikutana na onyo wanapoifungua huizima antivairasi ili waendelee na kazi. Naomba tuiache tabia hii.

Onyo la bluu la Windows, liitwalo SmartScreen, mara nyingi halisemi kuna virusi. Linasema faili hili halijajulikana. Miradi mingi huria inaendeshwa na watu wa kujitolea, na cheti cha kusaini programu, kinachoithibitishia Windows nani kaitengeneza, hulipiwa, hivyo wengi hawana. Lakini ukiona limetajwa jina la virusi, simama hapohapo.

Hatua ya 1: Angalia umelitoa wapi. VLC ya kuchezea video ni videolan.org, GIMP ya kuhariri picha ni gimp.org. Andika anwani mwenyewe, maana matokeo ya juu ukitafuta yanaweza kuwa tangazo la tapeli.

Hatua ya 2: Pima SHA-256, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili; faili likibadilika, nayo hubadilika. Fungua CMD (dirisha la Windows la kuandikia amri) ndani ya folda yenye faili, andika:

certutil -hashfile jina-la-faili.exe SHA256

Utapata herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na zilizoandikwa na watengenezaji. Ikitofautiana hata moja, futa. Hatua hii msiiruke, nawasihi. Mei 2017 wadukuzi waliingia kwenye seva mojawapo ya HandBrake, programu ya kubadili video, wakaweka faili lenye virusi vya Proton kwa watu wa Mac. Waliopakua hawakwenda tovuti ya uongo. Ni kipimo hiki ambacho kingewashtua.

Hatua ya 3: Lipandishe kwenye tovuti ya VirusTotal, likaguliwe na antivairasi nyingi kwa mpigo. Nyingi zikilikataa, futa.

MASWALI

Swali: Mkuu, SHA-256 iko sawa ila antivairasi bado imelifungia. Naweza kuliruhusu?
Jibu: Usiharakishe. Kulingana kunaonyesha tu kwamba ndilo faili walilolitoa watengenezaji. Sasisha antivairasi, kagua tena. Likikataliwa, litume kwa kampuni ya antivairasi walichunguze. Microsoft wana ukurasa wa kazi hiyo. Wakithibitisha kuwa ni salama, ruhusu faili hilo moja, usiruhusu folda nzima.

Swali: Bando langu dogo, programu nimepewa na rafiki kwenye flashi. Nitapimaje?
Jibu: Vilevile, dada. Usiifungue kwanza. Pima faili la kwenye flashi kwa certutil, kisha kwa simu fungua tovuti ya watengenezaji usome SHA-256 ya toleo hilohilo. Ni maandishi tu, hayali bando kubwa.