Fomu yako inakubali tarehe 31 Februari? Irekebishe hivi

Juzi mwenzangu aliniita nimtazamie fomu yake ya usajili. Mtu kaandika 31/02/1990, fomu imepokea kimya, na kwenye hifadhidata imeingia 3 Machi. Nilicheka, maana mtego huohuo uliwahi kunikeshesha.

Hatua ya 1: Visanduku. Kwa miadi, `<input type="date">` inatosha. Kwa tarehe ya kuzaliwa naweka visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka. Kumbofyesha mtu kalenda hadi miaka 50 nyuma ni kumtesa. Kisanduku kimoja cha maandishi sikitaki kabisa: 03/04 ni Aprili au Machi? Mwaka uwe na tarakimu 4.

Hatua ya 2: Geuza kuwa namba. Kwenye JavaScript, lugha ya programu ya kivinjari, tumia `Number`, si `parseInt`, ambayo ukiipa "12abc" inakurudishia 12 bila aibu.

Hatua ya 3: Hakikisha siku hiyo ipo. Hapa ndipo penye kazi. JavaScript haikatai tarehe isiyokuwepo, inaisogeza mbele. Ukiiomba siku ya 31 ya Februari, inahesabu siku zilizozidi na kukutua Machi. Dawa ni kuijenga tarehe, kisha kuiuliza: wewe ni nani? Ikijibu tofauti na alichoandika mtumiaji, ikatae.

```
function ipo(siku, mwezi, mwaka) {
  const t = new Date(Date.UTC(mwaka, mwezi - 1, siku));
  return t.getUTCFullYear() === mwaka
    && t.getUTCMonth() === mwezi - 1
    && t.getUTCDate() === siku;
}
```

Ile `- 1` usiisahau: miezi inaanzia 0, siku zinaanzia 1. Usiniulize kwa nini.

Kwa nini UTC, ile saa ya pamoja ya dunia? Kwa sababu saa za eneo zina vituko. `new Date("2024-03-05")` husomwa kama usiku wa manane wa UTC, kwa hiyo aliye Marekani ataonyeshwa tarehe 4. Samoa nayo iliiruka kabisa 30 Desemba 2011 ilipohama upande wa mstari wa tarehe. Kompyuta iliyowekwa saa za huko ingeikataa siku hiyo hata kwa mtu aliyeiishi kwingine.

Kisanduku kitupu nacho kinanaswa humuhumu. `Number("")` ni 0, na siku ya 0 ni ya mwisho ya mwezi uliopita, kwa hiyo jibu halitalingana. Mwaka 99 hugeuzwa 1999, nao unakataliwa.

Wapo wanaofanya yote haya kwa regeksi (kanuni ya kulinganisha muundo wa maandishi) ndefu kama treni. Regeksi inajua umbo la maandishi tu. Kuifundisha kwamba 2000 ulikuwa mwaka mrefu na 1900 haukuwa ni kujitafutia maradhi.

Hatua ya 4: Mipaka. Aliyezaliwa kesho hajisajili leo.

Hatua ya 5: Rudia kwenye seva. Ukaguzi wa kivinjari mtu anaweza kuuzima. Python ndiyo naipenda hapa: `date(1990, 2, 31)` inagoma palepale kwa `ValueError`. PHP ina `checkdate`, ila inataka mwezi kwanza, ndipo siku. `DateTime::createFromFormat` usiiamini peke yake, nayo husogeza siku mbele vilevile.

Ukikataa, usimfutie mtu alichoandika, na usimwambie "Tarehe batili" ukaishia hapo. Mwandikie: "Februari 1990 ilikuwa na siku 28."