Ukibaguliwa kwa Sura Lubumbashi: Namna ya Kuandika Mashitaka

Mwenye nyumba akikunyima chumba kwa sababu ya pua, urefu au rangi yako, usirudishe tusi: ukirudisha, kesi itageuka ya ugomvi wa wawili. Andika palepale maneno yake kamili, kwa lugha aliyoyatamka, pamoja na saa, barabara na komini (wilaya ya jiji), iwe Katuba au Kampemba. “Alinidharau” haitoshi kabisa. Sheria-amri ya Kongo (DRC) namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila, kwa hiyo hakimu atataka neno lenyewe linaloonyesha ubaguzi huo. Tafuta mashahidi waliosikia kwa masikio yao. Wa kuambiwa hawasaidii. Peleka barua kwa mwendesha mashitaka katika nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Pasipo muhuri, watasema hukufika.