Ukuta wa marobota ya mabua: namna ya kuushusha mzigo wa paa hadi kwenye msingi

Ujenzi huu wa marobota, yaani mafungu ya mabua yaliyobanwa na kufungwa kwa kamba, ulianzia Nebraska, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, kwenye nchi ya mchanga iliyokuwa na uhaba wa miti. Kanisa dogo la mji wa Arthur, jimboni humo, lililojengwa mwaka 1928, lina kuta za marobota zinazobeba paa zenyewe bila nguzo. Hapa nazungumzia nyumba ya namna hiyo, isiyo na ghorofa.

Kwanza elewa nani anabeba nini. Plasta ikikauka huwa ngumu kuliko robota kwa mbali, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo hupita kwenye plasta za pande mbili. Kazi ya mabua ni kuzishika zisipinde. Ramani nyingi huchorwa kana kwamba plasta ni pambo tu.

1. Marobota. Chukua mabua ya ngano. Majani ya malisho yana mbegu na huoza upesi. Robota kavu la sentimita 35 × 45 × 90 lifike kilo 15 hivi. Linyanyue kwa kamba zake: likilegea, liache. Choma kipima unyevu hadi katikati. Kikizidi asilimia 20, usilinunue.

2. Msingi. Robota likilala lina upana wa sentimita 45. Ongeza plasta ya sentimita 3 kila upande, unapata 51. Huo ndio upana wa msingi, kwa sababu plasta inayoning'inia nje haina pa kukanyaga. Uinue juu ya ardhi angalau sentimita 30, weka kizuia unyevu, kisha mbao mbili sambamba zilizotiwa dawa ya mchwa, na kokoto katikati. Kabla ya kumwaga zege, laza mabomba ya plastiki ya kukatiza msingi kila mita moja hivi. Utayahitaji.

3. Kupanga. Panga kama matofali, viungo visifuatane. Dirisha au mlango ukae mbali na kona angalau urefu wa robota moja. Pima kila mstari kwa timazi, uwe wima.

4. Mkanda wa juu. Unda ngazi ya mbao iliyolala, yenye upana wa ukuta pamoja na plasta zake, ili ikalie zote mbili.

5. Kubana. Hapa usiharakishwe na mtu. Pitisha mikanda ya kukazia mizigo, ile ya malori, kwenye yale mabomba na juu ya mkanda wa mbao. Kaza kidogo kidogo ukizunguka nyumba, ukipima kimo kila kona. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, ukuta utalala. Ukuta utashuka sentimita kadhaa, kwa hiyo acha nafasi juu ya fremu za madirisha. Ezeka, usubiri utulie, kaza tena. Ukipiga plasta kabla ya hapo, nyufa haziepukiki.

6. Plasta. Tumia udongo au chokaa. Saruji tupu hufungia unyevu ndani. Koti la kwanza lisukume kwa kiganja hadi liingie kwenye mabua, maana plasta iliyopakwa juujuu hubanduka. Upenu wa sentimita 60 utaikinga mvua.

7. Upepo. Bati ni jepesi na upepo hulivuta juu. Kenchi zifungwe kwenye mkanda, na mkanda ufungwe kwenye msingi kwa nyaya za kudumu kupitia mabomba yaleyale. Mwombe mhandisi akokotoe idadi na unene wa nyaya kabla hujaondoa mikanda ya lori.