Kuhesabu pomboo wa mto Indus: usiamini macho ya boti moja

Pomboo wa mtoni sio ng'ombe useme utawapanga zizini uwahesabu. Huyu wa Indus kule Pakistan wenyeji wanamwita bhulan, maji ni tope tupu, mwenyewe karibu kipofu anajiongoza kwa sauti, anaibuka kuvuta hewa sekunde moja hivi, unaona mdomo mrefu na kamgongo ka kijivu, ushapotea. Umegeuka kuchukua maji ya kunywa, basi huyo umemkosa.

Kwanza subiri kiangazi, maji yakishuka wanajikusanya kwenye vina, kwenye kona za mto na pale mikono ya mto inapokutana. Kupiga picha mapezi ili umtambue kila mmoja, kama wanavyofanya kwa pomboo wa mto Mekong huko Asia, hapa sahau, pezi la mgongoni ni kama kinundu tu.

Kwa hiyo unatumia boti mbili. Zote zinashuka na mkondo, ya pili inakaa nyuma kidogo ipite pale pale baada ya dakika chache, na kila kundi likionekana mnaandika saa, jipiesi, upande gani wa mto, wako wangapi. Na tafadhali, boti ya mbele isiwapigie redio wa nyuma "jamani kuna watatu hapo kushoto", ukifanya hivyo kazi yote imeharibika, maana unachotaka kujua ni kila boti inakosa wangapi ikiwa peke yake.

Jioni mnakaa na daftari mbili mnalinganisha. Tuseme boti ya kwanza imeona makundi 30, ya pili 24, na 18 ni yale yale yaliyoonwa na zote. Katika 24 za boti ya pili, ya kwanza iliona 18, yaani robo tatu, kwa hiyo hizo 30 zake nazo ni robo tatu ya makundi yote: zidisha 30 kwa 24, gawa kwa 18, unapata 40. Yaani mngeenda na boti moja mngetangaza 30 na kujipongeza! Kila kundi likiwa na wastani wa wawili, hao ni kama 80. Kuna wale waoga wanaokimbia injini, hao boti zote zinawakosa, kwa hiyo hata hiyo 80 ichukulie iko chini kidogo.

Ila hesabu hii inataka angalau muone kitu. Mwaka 2006 huko China boti mbili zilizunguka mto Yangtze wiki sita zikimtafuta baiji, pomboo wa mto huo, tena na vinasa sauti vya chini ya maji, hawakupata hata mmoja. Sifuri mara sifuri, hapo hakuna cha kugawa.