Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujifunza Mapigano ya Jukwaani Mombasa

Vijana wa Mombasa wakikaa kupanga onyesho la historia ya Ngomeni, mazungumzo huanzia kwenye panga. Si ajabu. Ngome ya Yesu, waliyoijenga Wareno kuanzia 1593 hadi 1596, imetekwa na kutekwa tena. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliingia na watu wake, kapteni wa Kireno akauawa. Machi 1696 Waomani wakaizingira, na ikaanguka Desemba 1698. Baadaye, mwaka 1747, Ali bin Uthman al-Mazrui akaikomboa kutoka kwa waliomuua nduguye. Mpenda maigizo hawezi kusoma habari hizi asitamani kuzionyesha. Lakini upanga uwe kitu cha mwisho kushikwa. Yako mengi ya kuwekwa sawa kabla, na ukiyaruka, atakayeumia kwanza ni mwenzako.

La kwanza kuelewa, maana mengine yote yanatoka humo, ni kwamba katika pambano la jukwaani anayeonekana kupigwa ndiye anayeliendesha. Mtu akivutwa nywele, mvutaji hufunga ngumi juu ya kichwa bila kushika unywele hata mmoja. Mvutwaji ndiye anayeikamata ngumi ile kwa mikono miwili, akaibana kichwani mwake, akajikokota mwenyewe huku akipiga mayowe. Kofi nalo halifiki shavuni. Mkono hupita mbele ya uso, na mlio hutoka kwenye viganja au kifua cha mpigwaji, upande ambao watazamaji hawauoni. Kunyonga ni hivyo hivyo: mikono hutulia kwenye mitulinga, koo halibanwi, na mnyongwaji akitaka kutoka hutoka. Ukimwona mwalimu anamwachia mshambuliaji aamue nguvu na mwendo, huyo hana ujuzi wa kazi hii, hata kama kiunoni ana mkanda mweusi.

Ndiyo maana suala la mwalimu lisifanyiwe haraka. Mji wetu una walimu hodari wa karate, taekwondo na ndondi, nami nawaheshimu, lakini wao hufundisha pigo lifike, na sisi tunataka lionekane limefika. Waulize wanaotaka kuwafundisha: umewahi kupanga pambano la jukwaani? Utatuanzisha na nini? Akijibu kwamba siku ya kwanza mtashika chuma, tafuteni mwingine. Katika nchi zenye mila ndefu ya kazi hii kuna vyama vinavyopima waigizaji. Society of American Fight Directors ya Marekani, iliyoanzishwa 1977, hutahini katika aina nane, kuanzia mikono mitupu hadi upanga na ngao, na aliyefaulu hurudi kupimwa baada ya miaka mitatu. Wanafanya hivyo kwa sababu mwili husahau, na mtu aliyesahau kipimo cha umbali hajui kwamba amesahau. Kama hamjampata mkufunzi wa namna hiyo, bakini kwenye kuanguka, kutembea na mikono mitupu, na mumlete kwa wiki chache mtaalamu atakayekagua mlichokijenga.

Kabla ya kwenda mbali, nendeni kwa wazee wanaocheza kirumbizi. Mchezo ule wa fimbo, unaopendwa sana Lamu wakati wa Maulidi, una mambo ambayo mwanafunzi wa mapigano ya jukwaani huhangaika kuyapata: macho yasiyomwacha mwenzako, zamu, miguu inayosikiliza ngoma, na heshima ya kumsubiri mwenzio awe tayari. Jifunzeni miguu na mapigo ya ngoma kutoka kwao. Pigo lenyewe liacheni huko huko, kwa sababu katika kirumbizi fimbo yaweza kumfika mtu kweli.

Mwili wako uuseme wazi mapema. Mkufunzi ajue kama una pumu, kifafa, shinikizo la damu, mimba, au bega lililowahi kuteguka. Anayevaa miwani aseme anaona umbali gani bila miwani. Halafu mfundishwe kuanguka, tena kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani inafaa. Uzito hushuka kwenye nyama ya paja na tako, kisha mgongo upande mmoja, na hewa hutolewa kwa kinywa. Magoti, viwiko, viganja na mfupa wa mkia visipokee kishindo. Anzeni juu ya magodoro, halafu mikeka minene, ndipo ardhi. Wengi hukimbilia mchanga wa ufuo wa Nyali kwa kuwa ni laini, na kwa kuanguka ni mzuri. Kwa hatua za upanga haufai: mguu huzama, mwili huzoea hatua fupi, na siku ya kupanda kwenye mawe ya ngome vipimo vyote vinakataa.

Kisha kuna makubaliano kati yenu wawili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo makundi mengi huvunjika. Kaeni chini mtaje kila mguso ulio kwenye pambano: nani atamshika nani, wapi, kwa muda gani. Mombasa hii, dada anayejisitiri ana haki ya kusema hataki kukumbatwa na mwanamume asiye maharimu wake hata kama ni mchezo, na mwelekezi mwenye akili atabadilisha mpango bila kumuuliza mara mbili. Mvutano wa kupokonyana jambia unaweza kufanywa kwa kushikana ubao wa ngao badala ya mikono. Mtandio unaovutwa unaweza kuwa wa pili, uliofungwa juu ya ule wa kweli. Kubalianeni pia neno moja la kukatisha kila kitu. Sisitizeni liwe neno ambalo halimo katika maneno ya mchezo, maana "basi!" na "niache!" yatasemwa na anayeigiza kifo, na hakuna atakayejua lipi ni la kweli. Likitamkwa, silaha zinashuka chini, hata kama aliyelitamka ndiye mdogo kuliko wote katika kundi.

Silaha sasa. Upanga wa jukwaani hauna makali kabisa. Ukingo wake huachwa na unene wa milimita 2 hivi, na ncha ikaviringwa. Chuma chake kiingie mpaka mwisho wa mpini kikiwa kipande kimoja. Panga za mapambo zinazotundikwa ukutani huwa na kijiti chembamba kilichochomelewa ndani ya mpini, na likipigwa mara kadhaa, bapa hukatika na kuruka kuelekea watu waliokaa. Fundi wa jua kali anaweza kuwatengenezea kutokana na springi ya lori, mradi aelewe kwamba hakuna kuchomelea popote, wala panga la shamba lililopigwa tupa haliwi upanga wa jukwaani. Jambia la babu libaki kabatini. Jukwaani lipande la mbao au mpira. Na kwa kuwa tunaishi na hewa ya chumvi, chuma kipakwe mafuta kila baada ya mazoezi, na kila pengo lililoingia ukingoni lilainishwe kwa tupa siku hiyo hiyo, kwani pengo lile lina meno yanayochana ngozi.

Umbo la silaha nalo liamue namna ya kupigana. Upanga wa Kiomani ulionyooka, wenye mpini mrefu, hauna kikinga mkono. Upanga wa Kireno wa enzi zile una vyuma vinavyozunguka vidole. Mkipanga pambano ambamo mapanga mawili yanatelezeana mpaka kwenye mipini, vidole vya anayeigiza Mwomani ndivyo vitakavyolipa. Basi Mwomani wenu akinge kwa ngao ndogo ya mviringo na kwa kuhama mahali, Mreno akinge kwa chuma. Mtakuwa mmelinda vidole, na mtazamaji ataona majeshi mawili yaliyolelewa katika mila mbili, jambo ambalo maonyesho mengi hulikosa kwa kumpa kila mtu mtindo mmoja wa kwenye filamu.

Kuhusu bunduki nina msimamo mkali: iwe ya mbao, na mlio utoke kwenye spika. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum alifariki Marekani baada ya kujipigia kichwani, kwa mzaha, bastola yenye risasi tupu zisizo na kichwa cha chuma. Nguvu ya baruti peke yake ilitosha. Zaidi ya hayo, silaha za moto nchini ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kikundi cha maigizo hakina haja ya kujiingiza huko.

Hata za mbao na chuma butu zina taabu yake barabarani. Mji huu umeumizwa na vijana wanaovamia watu kwa mapanga, na mama aliye kwenye tuktuk Kisauni hatajua kwamba lako ni la maigizo. Msitembee na silaha zikionekana, wala msizipige picha mtaani kwa kujionyesha. Zifungwe kwenye turubai, zisafirishwe pamoja kwa gari moja na mtu mzima anayewajibika, na awe na barua ya kikundi inayotaja tarehe, mahali na orodha ya vitu. Kituo cha polisi kilicho karibu na mazoezi kiarifiwe mapema, na mzee wa mtaa pia.

Saa za mazoezi zipangeni kwa jua, si kwa nafasi ya ukumbi. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo yenye joto kali, na ua wa ngome uliozungukwa na kuta za mawe ya matumbawe hushika joto hilo ukakurudishia. Fanyeni asubuhi mapema au baada ya alasiri. Deraya ya bati ikikaa juani huunguza shingo, kwa hiyo tengenezeni ya povu gumu lililopakwa rangi. Maji yanywewe kabla ya kiu. Mtu akianza kuumwa kichwa, kuyumba au kujibu mambo yasiyoeleweka, mpelekeni kivulini, mvueni mavazi mazito, mlowanisheni kwa leso ya maji, na akizidi kuchanganyikiwa apelekwe hospitali bila kungoja. Wakati wa Ramadhani ningeondoa chuma kabisa mchana. Alasiri ni ya kusoma maneno na kutembea hatua polepole mikono mitupu, na mazoezi yenyewe yawe baada ya tarawehe, watu wameshakula na kunywa.

Viatu visisahauliwe. Makubadhi yanapendeza na yanafaa kwa wakati ule, ila soli ya ngozi juu ya jiwe lililoloa ni hatari. Bandikeni mpira chini yake na mfanyie navyo mazoezi, pamoja na kanzu, kilemba na mshipi, wiki kadhaa kabla ya onyesho. Kanzu hukanyagwa na mwenye nayo anaporudi nyuma, na mara nyingi hakuna aliyewahi kulijaribu hilo.

Ngome yenyewe iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na ni Urithi wa Dunia tangu 2011. Ombeni ruhusa kwa maandishi na mapema, mkieleza kila mtakachofanya. Matumbawe huchubuka, basi hakuna upanga kugonga ukuta wala msumari kupigiliwa. Hadithi ya 1747, ya Ali bin Uthman na watu wake kupanda usiku, itawavuta mpande kweli. Jengeni ukuta wenu wa mbao, mfupi, wenye godoro nyuma.

Na kabla ya kuandika nani anamuua nani, ketini na watu wenye habari hizi. Wazao wa Mazrui wapo mjini. Waliouawa 1631 walikuwa Wakristo wengi, wake kwa waume, na kuna waumini wanaowakumbuka hadi leo. Msifanye kifo chao kuwa kichekesho cha kushangiliwa. Na ule mzingiro wa 1696 msiufanye Waswahili upande huu, Wareno upande ule: Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwani Pate, na watu wake walikuwa ndani ya ngome pamoja na Wareno, na maradhi yalipowamaliza Wareno yeye ndiye aliyebaki kuishika. Waliokufa kwa ugonjwa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa upanga. Onyesho lenye mapanga dakika zote halisemi kweli kuhusu miezi ile 33. Mpeni mgonjwa mmoja nafasi ya kushindwa kuinua ngao yake, na watazamaji watalielewa pambano litakalofuata.

Watazamaji wawekwe mbali kuliko urefu wa mkono na upanga, ongeza hatua mbili, kwa kamba inayoonekana, na mtu wa kuwaangalia watoto. Baada ya mchezo watu wataomba kupiga picha na silaha. Jibu ni hapana, na lisemwe na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo.

Awepo mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza asiyeigiza, na gari lenye dereva asiyeigiza. Siku ya onyesho, kabla watu hawajaingia, kila pambano lirudiwe: mara moja polepole, mara moja kwa mwendo wa jukwaani, mahali pale pale na kwa taa zile zile. Wapiganaji wakague silaha zao, wapime umbali, waulizane hali. Mwelekezi awe ameandaa kabla namna ya pili ya kila tukio, isiyo na pambano, ambayo msimulizi anaweza kuisema akiwa amesimama peke yake. Mmoja akija hajalala, ana homa, au wamegombana na mwenzake njiani, hiyo ndiyo itakayochezwa usiku huo, na mapanga yatabaki kwenye turubai.