SOMO: Kagua Fomu 34A mwenyewe na simu yako

Wadau, tarehe 10 Agosti 2027 sisi Wakenya tunarudi debeni na stori za sava, zile kompyuta za tume zinazopokea matokeo, zishaanza, eti nani ataingia kwa sava. Mi nasema hesabu ya kwanza iko kwa karatasi, kituoni, yaani Fomu 34A, fomu ya matokeo ya kura za rais ya kituo kimoja. Mashine ya KIEMS, ile ya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole, inazuia mtu kupiga kura mara mbili na marehemu kufufuka siku ya kura, lakini haijui karani ameandika nini kwa fomu. Ndo maana 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, ilipoweka picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwa tovuti, mwananchi alipata kazi. Fanya hivi:

1. Kura zikishahesabiwa, nakala ya 34A inabandikwa mlangoni. Piga picha fomu yote na kona zake, jina la kituo lisomeke, na uzime flashi.

2. Kwa tovuti ya IEBC chagua kaunti, eneo bunge, wadi, kituo. Shusha fomu, linganisha na picha yako mstari kwa mstari, angalia sana namba zilizofutwa-futwa.

3. Hapa wengi wanaruka. Jumlisha kura za wagombea wote uone kama zinafika ile jumla ya kura halali, alafu ongeza zilizokataliwa. Kituo hakizidishi wapiga kura 700, so ukikuta 812 hapo kuna kitu. Lakini usipige nduru bado, msimamizi aliyeamka usiku wa manane anaweza andika 194 badala ya 149, we angalia vituo vya jirani, kama makosa yote yanamfaa mtu mmoja basi hayo si usingizi.

4. Vituo vyote vya eneo bunge lenu viingizwe Eksel, mlinganishe na 34B, fomu ya jumla ya eneo bunge. Gawaneni wadi.

MASWALI

Ajenti wa chama chetu hajasaini, si hiyo fomu ni feki?
— Zii. Kukosa sahihi ya ajenti peke yake hakuharibu fomu. Wengine huenda kulala tu.

Na zile za 2022 si zilibadilishwa njiani?
— Hilo lilifika Mahakama ya Juu, fomu zikakaguliwa, wakasema hakuna tofauti ya maana kati ya za tovuti na karatasi zilizofika Bomas, kituo cha kujumlisha kura za taifa. 2017 ndo ilikuwa shida, matokeo yalitangazwa kabla fomu zote kuonekana, tume ikaambiwa na korti ifungue sava haikufungua vile iliagizwa, uchaguzi wa rais ukafutwa.

Nikipata tofauti naweka TikTok?
— TikTok baadaye. Pelekea wakili wa chama au waangalizi mapema, kesi ya urais inafunguliwa ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa na majaji wana siku 14 tu. Ile picha usiikate, usiiedit, na WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha namba zinakuwa ukungu.